TAHADHARI: Nimeuziwa mashine ya peleti za kuzama nikiambiwa zinaelea

Jamani, naandika haya mikono inatetemeka kwa hasira. Yule fundi wa mashine za peleti (vile vipande vidogo vigumu vya chakula cha samaki) niliyewaambia nimempata ni tapeli. Amenitapeli mchana kweupe, nimesimama naye bega kwa bega.

Siku ya majaribio nilibeba unga wangu mwenyewe, soya, pumba na unga wa samaki, makusudi ili asinichezee. Akawasha mota, akaacha diski, ile sahani ya chuma yenye matundu, ipate moto, akamimina. Peleti zikaanza kudondoka, nene milimita 3, zote sawasawa. Nikakinga kiganja: za moto, ngumu, zinang'aa. Akasema, "Bosi, sasa angalia zinavyoelea." Akainama, akachota, akatupa kwenye ndoo ya bluu yenye maji. Zikaelea zote. Dakika 10 nzima nimeinamia ndoo, haikuzama hata moja. Nikamkabidhi pesa yote palepale, pamoja na ile ya kikundi.

Hakuchota chini ya mashine! Alichota kwenye beseni lililokuwa nyuma ya mguu wake. Usiku silali, nauona ule mkono. Peleti za kiganjani mwangu zilikuwa za kahawia iliyokolea. Za kwenye ndoo zilikuwa zimevimba, rangi imefifia. Tofauti niliiona kwa macho haya, nikadhani ni maji tu.

Na msinilaumu kwa kumwamini. Mtu ana ovaroli limelowa grisi, anaijua kila nati, ananieleza jinsi ya kukaza rola, ananiambia unga ukiwa mkavu mno ninyunyizie maji kidogo, na hilo ni kweli kabisa. Kazi anaijua. Ndiyo maana nasema alifanya kusudi.

Ili zielee nimeongeza wanga, nimepunguza mafuta, nimesaga unga laini kabisa. Peleti zinazama kama changarawe, zinaishia kwenye tope, chakula kinaoza na maji yanachafuka. Samaki mnajua hali yao.

Nimekuja kuelewa nimechelewa. Mashine ya diski na rola inashindilia unga kwenye matundu, joto lake ni la msuguano, na kwa kawaida halifiki nyuzi 100. Peleti inatoka imebanana, nzito kuliko maji. Za kuelea hutoka kwenye ekstruda: ina skrubu ndani ya pipa, joto la nyuzi 120 hadi 150 na mgandamizo mkubwa. Wanga unaiva humo, na unga ukitoka tunduni maji yaliyomo yanageuka mvuke ghafla, peleti inavimba. Ukiivunja unaona vitundu vya hewa. Kwa hiyo mwambieni muuzaji afungue, awaonyeshe skrubu. Na peleti ya kutupa majini ikingeni wenyewe mdomoni mwa mashine.

Kingine, alinikataza kupiga video. Kibandiko cha nguvu za mota kilikuwa kipya juu ya rangi iliyochubuka. Alitaka taslimu tu.

Mtu huyu akamatwe! Arudishe kila senti, kisha afungwe, mashine zake zichukuliwe. Taarifa polisi nimeshatoa. Aliyeuziwa naye aje inboksi twende pamoja, tukiwa wengi hawatatupuuza. Jana nimemwona anatangaza kwa jina jingine na namba nyingine. Mashine ni ileile, na ndoo ya bluu iko palepale pembeni.