Duka la vitu vya zamani Majengo, Mtwara: soma chaki kabla ya bei

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kasha, nitalifikia.

Duka lenyewe halina kibao. Ukiingia mitaa ya Majengo uliza kwa mzee wa vitu vya zamani, hata mtoto atakupeleka. Nje amepanga baiskeli za Phoenix na feni zisizo na mapanga. Ndani ni chemli, karabai, pasi za mkaa, deki za kaseti, na redio za mbao zile ambazo ukiwasha unasubiri zipate moto kwanza ndipo ziseme.

Kinachonirudisha pale ni chaki. Mtaani kila kilichozeeka ni cha mwaka 47, basi, hujui unauziwa mali au mzigo. Mzee yeye anaandika neno juu ya kila kitu, na neno lake ndilo la kusoma kabla ya bei. KONGWE ni kitu chenye umri na kazi bado kinafanya. KUUKUU kimetumika mpaka kimelegea, ila hakijafa. Ukiona CHAKAVU, njoo na fundi wako. Vya skrepa vinapimwa kwa kilo, wala usimwambie akuchagulie. Kuna pikipiki moja, mkweche hasa, imeegemea ukutani bila neno lolote. Nilipouliza akasema, "Ile inajieleza yenyewe, mama."

Mimi nashona sare za shule, na Januari umeme ukikatika mchana hakuna mzazi anayetaka kusikia sababu. Kwa hiyo nilifuata cherehani ya miguu. Nikachagua Singer nyeusi ya KONGWE. Nakshi yake ya dhahabu imefutika pale tu mkono wa fundi unapopita kusukuma kitambaa, kwingine bado inang'aa. Hiyo ni mashine iliyofanya kazi, haikutupwa stoo ikaliwa na kutu. Namba yake inaanza na EF, ya kiwanda cha Clydebank kule Uskochi, ambacho chenyewe kilifungwa mwaka 1980. Nikavua kiatu, nikakanyaga. Mkanda wa ngozi ulikuwa unateleza. Mzee akaukata kipande, akaunga ncha kwa waya, akaurudisha kwenye gurudumu huku tunaongea. Nikatia khaki, mikunjo minne. Sindano ikapita bila kuruka hata tundu moja. Aliniambia 220,000, tukaelewana 190,000. Mashine mpya za bei hiyo nimezijaribu, ukizipa khaki ya kukunja zinalia.

TV za chogo anazo nyingi na anaziuza kwa bei ya kutupa. Juu yake kaandika IMEPITWA NA WAKATI, na namsifu kwa hilo, maana picha inatoka safi tu, si chakavu hata kidogo. Lakini matangazo ya analojia yalishazimwa, bila king'amuzi utabaki unatazama chenga. Wauzaji wengine wangekuwashia kwa deki, ukaona video, ukalipa, shida ukaikuta nyumbani.

Sasa kasha. Limepigwa misumari ya shaba, limepakwa rangi ya kahawia nzito, limeandikwa LA KALE, na bei yake ukiisikia unatafuta pa kukaa. Nikalipindua. Chini plaiwudi, na ncha za misumari bado nyeupe. Nikamwambia, "Mzee wangu, hili ni la kale au la juzi?" Akacheka, akasema lile ni la wageni wanaolala Old Boma kule Mikindani. Nikamjibu wageni wenyewe wanalala ndani ya jengo la Wajerumani la mwaka 1895, kitu cha kale wanakijua kuliko sisi. Akalifunika kwa kanga, lakini ile chaki hakuifuta. Muuzaji mkweli kwenye cherehani ya 190,000 awe mkweli na kwenye kasha.

Nenda asubuhi, adhuhuri anafunga mpaka alasiri. Beba pesa taslimu. Kitu kikikusumbua ndani ya wiki anakipokea na kukubadilishia, fedha harudishi. Na kama unafuata cherehani yenye miguu yake ya chuma, kodi kirikuu kabisa. Bodaboda wa pale nje wakiiona wanageuza pikipiki.