Ashoka au Ambedkar: nani aliingia Ubuddha kwa uzito zaidi?

Huu ubishi pale kijiweni kwetu Majengo, Dodoma, hauishi, kahawa inapoa kikombeni watu bado wanarushiana majina.

Tuanze na gharama. Ashoka alikuwa mfalme wa India ya kale, karne ya tatu kabla ya Kristo, kiti chake hakikutikisika, waliolipa ni watu wa Kalinga, nchi aliyoivamia, maana maandishi yake mwenyewe yanataja watu 100,000 waliouawa na 150,000 waliohamishwa kwa nguvu, ndo akajuta, akazama kwenye Ubuddha. Ambedkar, mwanasheria na mwanasiasa wa India, kazaliwa 1891 kwenye jamii iliyoitwa "wasioguswa", yaani waliowekwa chini kabisa kwenye matabaka ya Wahindu, 1935 akatamka kwamba hatakufa akiwa Mhindu, halafu akakaa miaka 21 anasoma na kupima, mpaka 14 Oktoba 1956 akaingia Ubuddha pale Nagpur, mji wa India, na malaki ya watu nyuma yake. Hata miezi miwili haikuisha, akafariki. Hapa kwangu Ambedkar kashinda, sibishani na mtu.

Kudumu je? Ashoka alichonga maneno kwenye miamba (usifikirie michoro ya Kolo kule Kondoa, haya ni maandishi kabisa) ila mwandiko ukasahaulika hadi Mwingereza James Prinsep alipousoma 1837. Jiwe lipo, msomaji hakuna! Ila kwa Ambedkar, Nagpur watu wanajaa kila mwaka mpaka leo kuikumbuka siku ile. Ila kusambaa, Ashoka noma, dini ilifika Sri Lanka enzi zake.

Sasa kama we ni bosi mwenye watu chini yako, msome Ashoka. Umekulia kwenye kudharauliwa? Ambedkar. Na ticha mwenye kipindi cha dakika 40 achukue Ambedkar tu, tarehe zake hazisumbui.