Kumhasi nguruwe wangu Mombasa: nilivyoiona huduma

Kliniki nyingi za wanyama hapa Mombasa zimezoea mbwa na paka. Nilipopiga simu kuulizia kumhasi Bonge, nguruwe ninayemfuga nyumbani Mikindani, wengine walicheka tu. Ni kliniki moja upande wa Nyali ambako daktari aliniuliza: "Ana kilo ngapi, dada? Na wazazi wake ni aina gani?"

Swali la pili ndilo lililonivuta. Kumbe kuna nguruwe, wakiwemo wa damu ya Landrace na Pietrain, wanaoweza kurithi hitilafu mbaya: wakivutishwa gesi ya usingizi, misuli hukakamaa, joto la mwili linapanda ghafla na wanaweza kufa.

Maagizo yalikuwa mafupi. Chakula kikome masaa 12 kabla, maji aachiwe hadi alfajiri. Utekelezaji sasa! Uani kwetu kuna mwembe, na maembe yakiiva yanadondoka usiku kucha. Bonge huyasikia yakitua kabla sijageuka kitandani. Ikabidi alale bafu la nje, juu ya blanketi kuukuu, maana nyasi za kulalia nazo angezila. Alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Miadi ilikuwa saa moja asubuhi, kwa sababu nguruwe hatoki jasho la kumpoza na joto la Mombasa mnalijua. Dereva wa tuktuk alikubali baada ya kuona turubai nililotandika, na kuongezewa mia mbili. Makupa tukaipita kabla ya foleni.

Daktari alimpima uzito na joto, akasikiliza moyo na mapafu, kisha akampapasa kinenani kutafuta ngiri. Utumbo ukiwa umeshuka kwenye korodani, alisema, ukikata tu unatoka nje. Sindano ya kutuliza ilipigwa shingoni, nyuma ya sikio, kwa sindano ndefu, kwani fupi huishia kwenye mafuta na dawa ikachelewa kufanya kazi. Alipolegea ndipo wakaingiza mpira mdogo kwenye mshipa wa sikio na kumwekea barakoa ya oksijeni.

Malalamiko ninayo. Walisisitiza atulie kabla ya kulala, kisha wakamweka chumba kinachopakana na mbwa wanaobweka! Na oksijeni ilitozwa kando, jambo nililoambiwa wakati wa kulipa.

Baada ya upasuaji walinipendeza tena. Walimlaza kifudifudi apumue vizuri, wakamfunika, kwani nusukaputi hushusha joto la mwili hata huku pwani. Hawakuniruhusu kuondoka naye mpaka aliposimama bila kuyumba. Nyumbani alianza na uji mwepesi, kidogo kidogo.

Nina dume jingine dogo. Nitampeleka huko huko, ila safari hii nitaomba bei yote kwa maandishi na miadi ya siku isiyo na mbwa wengi.