Balbu za taa za mbele kwa gari la zamani: ya kununua na ya kuiacha dukani

Ndani ya mwaka mmoja nilinunua jozi tatu za balbu kwa gari lile lile. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, nikaona bado giza. Ya pili iliandikwa "+130%" kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Nikaona afadhali kidogo, ikaungua kabla ya miezi mitano. Ya tatu ilikuwa ya LED, na kila dereva niliyekutana naye usiku alinipigia fulu akidhani nimesahau kushusha taa. Mwishowe fundi umeme akaweka mita nyuma ya soketi ya taa, injini inaunguruma, balbu inawaka. Tukasoma volti 11.6. Kwenye betri zilikuwa 14.1.

Volti mbili na nusu zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye swichi na waya ambao haujaguswa tangu gari litoke kiwandani. Hela ya jozi mbili kati ya zile tatu ilikwenda bure.

Kwa hiyo kabla sijakupa mpangilio wangu, tuanze na umeme, maana kwenye gari la miaka mingi ndiko shida ilikojificha mara nyingi. Balbu ya halojeni, yaani ile ya kawaida yenye uzi unaowaka ndani ya gesi, hupimwa mwanga wake kwa volti 13.2. Volti zikipungua, mwanga haupungui kwa kiasi hicho hicho, unaporomoka. Toa asilimia 5 ya volti na umepoteza kama asilimia 16 ya mwanga. Kwa zile 11.6 zangu nilikuwa nabaki na theluthi mbili tu, hata balbu ingekuwa nzuri namna gani.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Balbu lazima iwe inawaka wakati unapima, kwa sababu soketi tupu isiyo na mzigo itakuonyesha volti zote na kukudanganya. Pima betri, kisha pima nyuma ya soketi, linganisha. Tofauti ikiwa nusu volti, usihangaike. Ikifika volti moja au zaidi, safisha kwanza ethi ya taa, pale waya unapofungwa kwenye bodi na kutu hujipenyeza. Ikishindikana, funga rilei mbili (swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), moja ya dimu na moja ya fulu, zichukue umeme betri moja kwa moja kwa waya mnene wenye fyuzi yake. Swichi ya zamani itabaki na kazi ndogo ya kuamsha rilei. Mimi baada ya kufunga nilipata 13.4. Nikatoa kwenye droo ile jozi ya kwanza, ile ya kawaida niliyoidharau, nikairudisha. Barabara ikaonekana.

Angalia na taa yenyewe. Kioo cha plastiki kikipigwa na jua miaka mingi huwa cha njano na chenye ukungu, na ukungu huo humwaga mwanga kila upande badala ya kuupeleka barabarani. Msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000 au zaidi, halafu polishi, kitarudi. Ila lazima umalizie na vanishi angavu ya kuzuia mionzi ya jua, la sivyo baada ya miezi unjano umerudi. Kama taa yako ni ya kioo halisi, chungulia ndani: rifleta, ile bakuli inayong'aa ya kurusha mwanga mbele, iliyobabuka au kuwa nyeusi nyeusi haitibiki kwa balbu. Hapo nunua taa nzima.

Jua kwanza unanunua namba gani

Chomoa balbu usome kitakoni. Magari mengi ya zamani yenye taa moja kila upande hutumia H4, balbu ya pini tatu iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani ya chupa yake kuna nyuzi mbili, wati 60 za fulu na 55 za dimu, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kishike kichwani kikombe hicho, tutakirudia. Magari yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 mara nyingi yana H7 ya dimu na H1 au H7 nyingine ya fulu. Utakutana pia na HB3 na HB4, ambazo kwenye vifurushi vingine huandikwa 9005 na 9006. Haziingiliani, wala usikubali muuzaji akuambie akikata kijimeno kimoja itaingia. Itaingia kweli, ila uzi utakaa mahali pasipo pake.

Soma na volti. Balbu ya lori ya volti 24 ina kitako kile kile cha H4. Kwenye gari dogo itawaka kama kibatari.

Na kama gari lako ni la zamani kabisa, lenye taa ya duara ya inchi 7 iliyozibwa, ambayo ikiungua unatupa taa nzima, usinunue nyingine ya namna hiyo. Tafuta nyumba ya taa ya inchi 7 inayopokea H4. Kwa magari hayo hakuna mabadiliko ya gharama ndogo yanayoonekana kama haya.

Mpangilio wangu

Namba moja ni halojeni ya kawaida ya kampuni inayojulikana. Osram Original, Philips Vision, Narva, au ile ya Koito au Stanley kama gari ni la Kijapani. Najua inachosha kusikia. Lakini rifleta ya gari lako ilichorwa kwa kipimo cha balbu hii hii: uzi ukae wapi, urefu gani, kwa usahihi wa sehemu za milimita. H4 nzuri inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1000 kwenye dimu na 1650 kwenye fulu, H7 inatoa 1500, na kanuni ya kimataifa haiachi nafasi kubwa ya kupita hapo. Balbu isiyo na jina inaweza kuwa na wati zile zile lakini uzi umekaa upande. Utaiona kwenye ukuta, mstari wa mwanga umechanika au una vivuli. Tafuta herufi E ndani ya duara kwenye kitako, alama ya kuidhinishwa kwa kanuni hiyo, ikiwa na namba pembeni yake, mfano E1 ya Ujerumani. Haimaanishi balbu haiwezi kuwa feki, kwa sababu feki nazo huchapa E. Angalia basi uchapaji wenyewe: jina, wati na namba ya toleo viwe vimekolea, visiwe vya kufutika kwa kucha.

Namba mbili ni zile za kuongeza mwanga, lakini za kiasi. Hapa lazima nieleze asilimia, maana ndizo zinazouza. "+150%" haimaanishi balbu inatoa mwanga mara mbili na nusu. Jumla ya lumeni ni ile ile, kanuni inaibana. Kilichofanyika ni kwamba uzi umefupishwa na kukazwa, gesi ya ndani imebadilishwa au kuongezwa shinikizo, na mwanga unakusanyika zaidi sehemu fulani ya barabara, mbali kidogo mbele yako. Asilimia inapimwa pale tu, tena dhidi ya kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kisheria, ambacho hata balbu ya kawaida nzuri inakipita. Faida ipo, nimeiona kwa macho yangu, hasa kwenye barabara isiyo na taa. Bei yake ni uhai: uzi unaofanya kazi moto zaidi huisha haraka. Ile yangu ya miezi mitano haikuwa mbovu, ndivyo zilivyo. Ukiendesha usiku mara mojamoja, Osram Night Breaker au Philips X-tremeVision ni matumizi mazuri ya hela. Ukiendesha kila siku taa zikiwaka, shuka kwenye +30 au +50.

Namba tatu, za maisha marefu. Uzi ni imara zaidi, mwanga una unjano kidogo na umepungua kiasi. Ningezinunua kwa gari moja tu: lile ambalo kubadilisha balbu ni lazima utoe betri, au bampa, au ngozi ya vidole. Wengine huzinunua kwa sababu gari lao "linakula balbu". Gari la namna hiyo pima kwanza betri injini ikiwa inazunguka. Ukisoma karibu na volti 15 au zaidi, mla balbu ni kirekebisha umeme cha alternata, na kinaila betri pia.

Namba nne ni LED za kubadilishia, na najua wengi wamekuja hapa kwa ajili yake. Sizichukii. Ni nyeupe, hazili umeme mwingi, na kwenye gari lenye waya dhaifu hilo si jambo dogo. Tatizo liko kwenye kile kikombe cha H4. Rifleta inategemea uzi mwembamba unaotoa mwanga pande zote, na kikombe kinachozuia mwanga wa dimu usifike nusu ya chini ya rifleta, ambako ungerushwa juu hadi machoni mwa anayekuja. LED ina vipande bapa viwili, kila kimoja kinaangalia upande wake, vimebandikwa kwenye ubao wenye unene. Zilizotengenezwa kwa uangalifu zinaukaribia uzi. Za rahisi zinamwaga mwanga mwingi mita chache mbele ya bampa, wewe unafurahi kwa sababu lami iliyo karibu inang'aa, na macho yako yakizoea mng'ao huo hayaoni tena kilicho mbali. Kifurushi kikidai lumeni 20,000, kirudishe rafuni. Kumbuka pia feni yake ndogo ya nyuma inahitaji nafasi. Kifuniko cha vumbi kisipofunga, maji yataingia kwenye taa. Na redio ikianza kukwaruza kila ukiwasha taa, ni hizo hizo.

Sheria nazo hazifanani. Ujerumani iliruhusu LED ya kwanza ya kubadilishia mwaka 2020, tena kwa magari yaliyoorodheshwa tu. Uingereza, gari lililoanza kutumika Aprili 1986 au baadaye likibadilishwa taa ya halojeni kuwa ya LED hufeli ukaguzi. Uliza kwenu kabla ya kulipa. Mimi zangu nilizitoa siku ileile nilipopata volti zangu.

Zilizobaki sizipangi kwa kuzisifu. Halojeni za bluu ni balbu za kawaida zilizopakwa rangi, na rangi ni chujio: inazuia sehemu ya mwanga ili uliobaki uonekane mweupe. Kupendeza zinapendeza, gari likiwa limeegeshwa. Kwenye mvua utatamani ile ya njano uliyoitoa.

Za wati 100 kwa 90 ni hatari hasa kwa gari kuukuu. Kila moja inavuta zaidi ya ampea 8 kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya 5, kwa hiyo volti zinazopotea njiani nazo zinakaribia kuongezeka maradufu na sehemu ya nguvu uliyonunua inaishia kupasha swichi moto. Nimeshika soketi ya gari la jirani iliyokuwa imeiva rangi ya kahawia na kupukutika mkononi kama biskuti.

Zenoni, balbu za gesi zisizo na uzi, za kufungwa kwenye rifleta ya halojeni ziko mwisho kabisa. Zenoni ya kiwandani kama D2S inatoa lumeni 3200, zaidi ya mara mbili ya H7, na ndiyo maana kiwanda huiweka kwenye taa iliyochorwa kwa ajili yake. Ukiihamishia kwenye taa nyingine unampofusha kila mtu. Ila kama gari lako lilikuja nazo tangu mwanzo, hayo si yako. Nunua namba ile ile, jozi, hasa ukiona mwanga umeanza kuwa na rangi ya waridi.

Kufunga

Nunua mbili hata kama imeungua moja. Nyingine ina umri ule ule na itakufuata, kwa kawaida usiku. Chupa usiishike kwa vidole. Mafuta ya ngozi yakipata joto lile yanaunguza doa kwenye kioo na balbu inakufa mapema. Ukiigusa, ifute kwa kitambaa safi chenye spiriti. Hakikisha meno ya kitako yamekaa kwenye mapengo yake kabla ya kubana springi. Balbu iliyokaa upande kwa milimita moja itakufanya uilaumu kampuni bure.

Kisha uelekeo. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, tairi zina upepo wa kutosha na dereva ameketi. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama ukutani kwa urefu huo, kisha mstari wa juu wa dimu uwe kama sentimita 5 chini ya alama. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa, na kwenye gari la zamani nyingi zimeshika kutu, basi zipulizie mafuta jana yake. Ile balbu nzima uliyoitoa irudishe kwenye boksi la mpya na uiweke kwenye buti, pamoja na bisibisi.