Chai bora Kisumu: uliza imepikwa saa ngapi kabla uulize ni pesa ngapi

Oyawore watu wangu, na kama unanitazama jioni basi habari ya kutoka kazini. Leo niko soko la Kibuye, Jumapili, saa 12 na robo hivi asubuhi, na hizo kelele mnasikia nyuma yangu msishtuke, ni watu wa mitumba wanafungua mabelo. Giza bado haijaisha vizuri, simu yangu inajitahidi, mniwie radhi kwa hii picha.

Mnakumbuka niliwauliza nichambue nini, spika ama pasi ya umeme, mkajaa kwa komenti mkisema chai. Chai! Nikasema sawa, si ni nyinyi mmetaka. Kwa hivyo siku 14 nimekunywa chai hii Kisumu mpaka usingizi ukanihama, nimelipa chai ya shilingi 20 na nimelipa chai ya shilingi 350, ulimi umeungua mara mbili, na sitawazungusha, hii kikombe nimeshika hapa ndio imeshinda zote. 30 bob. Lakini ukizima vidio saa hii hutajua ile ya 350 ilikosea wapi, na hiyo ndio stori yenyewe.

Kwanza kuna kitu huwa inaniuma. Kericho kutoka hapa ni kama kilomita 80 tu, unapanda matatu, Ahero, Awasi, njugu zako hazijaisha ushaanza kutafuta sweta na pande zote mbili za barabara ni chai, kijani mpaka macho yanachoka. Nandi nayo si hiyo milima tunaiona kila siku anga ikiwa safi? Halafu unakaa chini hapa mjini unaletewa kitu nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Tunaishi mlangoni kwa chai na tunakunywa kama watu wa mbali. Sababu moja ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Kenya inauzwa nje, inateremshwa mpaka Mombasa kwa mnada, bei inapigwa kwa dola, na mnunuzi wetu mkubwa ni Pakistan, na mimi sina ubaya na Pakistan, hao watu wanapika na maziwa kama sisi, wanajua wanachofanya.

Lakini msije mkasema basi tumeachiwa takataka, hapana. Majani yakishasagwa na kukaushwa kiwandani yanapitishwa kwa chekeche, yanagawanywa kwa ukubwa. BP1 ndio chembe kubwa, PF1 inafuata, halafu kuna PD na D1 ambazo ni laini, hizo ndio watu wanaita vumbi. Jina linatisha lakini vumbi ni jani lile lile, ndogo tu, inatoa rangi haraka na ina ukali, ndio maana wenye vibanda wengi wanaipenda, kijiko moja na sufuria nzima imepakwa rangi. Shida inakuja ikizidi, ama ikikaa kwa moto sana, inakuwa chungu na inapita kwa chujio, unafika chini ya kikombe unatafuna. Mimi kwa chai ya maziwa nipe PF1, ina nguvu na bado ina harufu.

Sasa. Ukiingia mahali popote, kabla uulize bei, uliza chai imepikwa saa ngapi. Watu wanadhani ni madharau nikiuliza hivyo lakini flaski ndio inaua chai ya huu mji. Jumatano nilijaribu nyumbani, nikapika sufuria moja, nikachuja, nikajaza flaski ya lita mbili, nikawa naonja kila saa na kuandika. Saa ya kwanza iko sawa kabisa, huwezi jua. Saa ya pili tangawizi imelala. Saa ya nne rangi imegeuka, ile hudhurungi ya kung'aa imekuwa kama maji ya mto Nyando wakati wa mvua, ulimi unakaza hapa pembeni, na kuna ladha ya maziwa yaliyochoka ambayo mimi nilikosa jina yake, bibi yangu akaonja mara moja tu akasema hii ni ladha ya shule. Aki kweli! Wote mliosoma bodingi mnaijua hiyo ladha, chai ya saa 10 iliyopikwa asubuhi. Sasa ile chai unauziwa 50 ukishuka kwa basi saa 8 mchana, imetoka kwa flaski iliyojazwa alfajiri, ni hiyo hiyo shule unarudishwa na bado unalipa.

Twende kwa ya 350. Hoteli sitaitaja, iko upande wa Milimani, unaona ziwa vizuri, viti vya mto, watu wanaongea polepole. Nikaagiza chai. Ikaja kwa sinia, birika la maji moto, kijagi cha maziwa, na kifuko kimoja cha majani chenye kamba. Kimoja! Na maziwa ni baridi, ya kutoka kwa friji. Sasa nisikilizeni hapa kwa sababu hii ndio kosa yenyewe na watu huwa hawaielewi. Kisumu iko juu ya bahari kama mita 1,130, kwa hivyo maji yetu hayafiki nyuzi 100, yanachemka kwa kama 96, na ukipanda Kericho ni kama 93. Chai nyeusi inataka maji yanayochemka ndio ifunguke. Sasa maji yameanza na 96, yakamwagwa kwa birika baridi ya chuma, yakatembezwa kutoka jikoni mpaka kwa baraza na upepo wa ziwa unapiga, yakifika kwa kikombe changu yamebaki vuguvugu, halafu nimwagie maziwa ya friji juu. Hiyo kifuko ningekaa nayo mpaka jua lizame na haingefanya kitu. Ilitoa karangi kidogo hivi, kama mtu anayeona haya.

Nikamwita yule kijana anayehudumu, nikamwambia ndugu yangu, hamuwezi kunipikia mix, ile ya majani na maziwa kupikwa pamoja? Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama nimeulizia chang'aa. Akaniambia subiri kidogo mkubwa. Dakika tano akarudi na kikombe kikubwa cha udongo kimekatika kidogo kwa mkono, chai imepikwa, imeiva, povu iko juu, kumbe ni ile wanajipikia wao wafanyakazi nyuma huko jikoni. Jamani! Hiyo ndio ilikuwa chai. Iko katika tatu bora za hii wiki mbili na haiko kwa menyu. Bili ilikuja 350 vile vile na nikalipa bila maneno.

Kwa hivyo nikisema chai ya hoteli kubwa ni mbaya nitakuwa nimedanganya. Majani wako nayo, maziwa wako nayo, mpishi anajua. Ni vile wameamua mgeni apewe vipande vipande ajiunganishie mwenyewe, ati ndio ustaarabu. Ukienda huko sema wazi, nataka ya kupikwa, na usione aibu.

Kaloleni, huu mtaa wa hapa Kisumu, jioni baada ya maghrib. Hapo kuna chai ya viungo, hiliki, mdalasini, karafuu kidogo, pilipili manga mwishoni kwa koo, 40 bob, na kaimati ukifika mapema. Inapikwa sufuria baada ya sufuria kwa sababu watu hawaishi, kwa hivyo flaski haina nafasi. Lawama yangu ni moja, sukari inatiwa kwa sufuria na hawaulizi mtu. Kama wewe ni mgonjwa wa sukari hapo pita tu ukinusa. Mimi nilikunywa mbili nikatembea mpaka Kondele kwa miguu, sijui hiyo nguvu ilitoka wapi.

Mjini kwa Wahindi nako ni kuzuri, masala wanasaga wenyewe, kikombe ni kidogo kama cha mtoto lakini kizito. Nendeni tu, sina mengi.

Dunga sasa, kule ufuoni kwa ziwa. Watu wa Dunga mtanitukana lakini ukweli lazima. Mandhari iko, mashua, ndege, ile barabara ya mbao ya kuingia kwa mafunjo, kila kitu. Nikaagiza strungi, chai bila maziwa, na limau, nikasema hapa ndio nitafanyia ile picha ya vidio. Nikaonja. Ngege, yule samaki. Strungi yenye harufu ya ngege, nadhani maji yalichemshiwa kwa sufuria iliyotangulia na mchuzi, na chai haifichi kitu, chai nyeusi haswa, harufu yoyote iliyo karibu inaivuta. Hata nyumbani usiweke majani kabati moja na sabuni ama na omena, wale dagaa. Dunga nitarudi, lakini nitarudi kula samaki.

Kuna mwenye aliniuliza kuhusu chai ya zambarau, mwenye jina la Kilwal mnisaidie kumjibu kama simuoni. Ndio, iko, ni ya hapa hapa kwetu, ile aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, na jani lenyewe shambani ni zambarau kwa sababu ya anthosayanini, ile ile iko kwa ganda la biringanya. Nilipata pakiti ndogo kwa supamaketi, bei ilinifanya nisome mara mbili. Usitie maziwa, tafadhali, utakuwa umetupa pesa, inakuwa kijivu kama sementi. Maji moto na limau tone moja tu na inageuka waridi mbele ya macho yako, watoto wangu walidhani ni mazingaombwe. Ladha ni laini, nyasi nyasi kidogo. Wengine watakuambia inatibu hii na ile, mimi hapa naongelea ulimi tu. Kwangu ni chai ya mgeni, sio ya kuamkia.

Haya turudi Kibuye ndio mnione huyu mama anavyofanya, amenikubalia nishike simu lakini sio uso, kwa hivyo mtaona mikono. Moto ni wa makaa. Maji kwanza, na tangawizi aliyoponda sasa hivi na jiwe, sio ya unga. Anaacha ichemke sana, hiyo mnaona ni kama dakika tano nzima, ndio majani yanaingia, na hayo majani ni ya kupima, sio ya pakiti, kuna mtu anamletea kutoka Nandi Hills, nimemuuliza ni kiwanda gani akacheka akaniambia wuod Seme, yaani kijana wa Seme, wewe kunywa chai. Ananiita hivyo tangu nimwambie kwetu ni Kombewa. Maziwa yanaingia mwisho, ya ng'ombe, yamekuja na boda kwa mtungi hata kabla sijafika, na kwa hesabu yangu ni nusu maji nusu maziwa, hasomi mahali, anaangalia rangi. Halafu angalieni hapa. Inapanda, anaishusha. Inapanda, anaishusha. Mara tatu. Nikamuuliza mama kwa nini tatu, akaniambia ya kwanza ni ya maziwa, ya pili ni ya majani, ya tatu ni ya mwenye haraka atulie. Ndio anachuja.

Na hana flaski. Sufuria ikiisha anaanza ingine, unangoja. Juzi niliona jamaa wa tuktuk amekasirika akaondoka, akazunguka soko yote, akarudi, sufuria mpya ikawa ndio inashuka. Hakusema kitu, alikaa tu.

Ya kula kuna mandazi lakini mimi nawaambia chukueni rabuon, kiazi kitamu cha kuchemsha, kinakauka mdomoni vizuri halafu chai inakisukuma. Nyoyo pia iko, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ukipenda, mzee mmoja hapa pembeni yangu anakula nyoyo na chai tangu nianze kuongea na hajainua kichwa. Kiti ni benchi na kreti, mvua ikinyesha utalowa upande wa kushoto, na ikifika saa 3 amemaliza maziwa, anafunga. Usikuje saa 5 halafu uniandikie ati nimekudanganya.

Kikombe nampa tisa kwa kumi. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya sukari, ameniwekea vijiko viwili na nilisema kimoja, nikimwambia anasema nimekonda.

Andikeni hapo chini chai yenu ni ya wapi, watu wa Nakuru nakuja kwenu mwezi ujao, mniambie mapema na muweke na saa, sio jina la mahali tu... Eeh mama? Sawa mama, sawa, naleta. Anataka kikombe chake, ati viko sita tu na kuna watu wamesimama.