Nissan Leaf ya 2016: Bombo hadi Kikuubo na kurudi

Awe askari wa geti au mteja wa vitenge, swali ni lile lile: inakwenda kilomita ngapi? Nalijibu hapa mara moja, nipumzike. Leaf yangu, gari la umeme tupu, ni ya 2016, betri ya kWh 30 (yaani uniti 30 za umeme), vistari vya afya ya betri vimebaki 10 kati ya 12, na ikijaa chaji inanifikisha kama kilomita 140. Karatasi za Japani zilisema 280. Wamarekani, ambao vipimo vyao ni vikali zaidi, waliipa 172 ilipokuwa mpya. Shika namba ya Wamarekani, punguza kwa uchovu wa betri, utakaribia ukweli. Ile ya Kijapani mwachie muuzaji.

Mimi nalala Bombo, kaskazini mwa Kampala, duka langu liko Kikuubo, soko la jumla katikati ya jiji. Kwenda na kurudi ni kilomita 70 na kidogo. Nikipitia Nakasero kuchukua vitu vya jikoni, au nikimpeleka mama kliniki, zinafika 90. Kwa hiyo jioni narudi nyumbani betri ina theluthi hivi, wala sina presha. Kilichonishangaza ni kwamba jam, adui wa kila mwenye gari Kampala, haina madhara. Kuanzia Kawempe hadi Bwaise magari yanasogea hatua moja moja, wenzangu wanachoma petroli wakiwa wamesimama, gari langu limekaa kimya halili kitu zaidi ya redio na feni. Kinachokula betri ni mwendo. Pita barabara ya Entebbe ya kulipia, toa shilingi 5,000 zako pale getini, kisha kanyaga mpaka 100: utaona namba ya kilomita zilizobaki ikishuka haraka kuliko umbali uliokwenda. Na ile namba yenyewe usiiamini sana, inahesabu kwa jinsi ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Mimi natazama asilimia tu.

Mteremko nao unarudisha kidogo. Weka gia kwenye B ukishuka kutoka Nakasero, gari linajizuia lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Breki hazichakai haraka.

Pesa sasa, maana najua wengine mmeruka hadi hapa. Niliichukua kwa shilingi milioni 36 za Uganda, imeshapata namba za usajili. Si bei ya chini; kwa pesa hiyo unapata Toyota Premio ambayo kila fundi wa Kisekka, soko la vipuri, anaifungua amefumba macho. Faida iko njiani. Premio niliyokuwa nayo ilinywa lita 7 kwa siku kwenye jam, na petroli ikizunguka 5,000 kwa lita, hiyo ni 35,000. Leaf kwa safari ileile inataka uniti 12 hivi za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Uniti ya nyumbani ni karibu 750, weka VAT juu yake, haifiki 11,000 kwa siku. Tena wapishi wa umeme wanajua siri hii: uniti za kati ya 81 na 150 kwa mwezi zinauzwa kwa bei ya kupikia, karibu 412. Ukivuka hapo bei inapanda tena, na gari litakuvusha tu, lakini ni nafuu usiyoiomba. Oili ya injini hakuna, plagi hakuna, mkanda wa injini hakuna.

Kuchaji nyumbani kunataka fundi umeme mwenye akili timamu. Waya unaokuja na gari kutoka Japani una plagi yao ya volti 200. Fundi wa kwanza aliikata, akafunga plagi yetu ya kawaida ya ampia 13, akachomeka kwenye ekstensheni ya sebuleni, akadai pesa yake. Usiku wa pili nikasikia harufu. Plagi ilikuwa imelainika, pini moja imelala upande, na plastiki imeacha alama ya kahawia kwenye soketi. Gari linavuta mfululizo kwa saa nyingi, si kama pasi unayopiga shati mbili na kuzima. Fundi wa pili alivuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye bodi, na breka yake peke yake, akafunga soketi ile ya buluu ya viwandani. Hadi leo haijapata hata joto la kutisha. Bajeti ya kazi hiyo iweke pamoja na bei ya gari, na ukiwa umepanga nyumba, zungumza na mwenye nyumba kabla hujamlipa muuzaji.

Umbo, eeh. Leaf ya zamani ni mbaya, na mimi ninaipenda. Taa za mbele zimetokeza kama macho ya chura. Watoto wa mtaani kwetu wanaliita hivyo hivyo, na wanalikimbilia. Zimetengenezwa hivyo makusudi, ziupasue upepo usigonge vioo vya pembeni, maana gari lisilo na injini kila kelele ndogo unaisikia. Mbele hakuna grili, kuna kifuniko tu, ukikifungua unakuta matundu mawili ya chaji: la kawaida na la chaji ya haraka, ya mfumo wa Kijapani uitwao CHAdeMO. Hilo la pili kwangu ni pambo. Ndani ni pana, kiti cha nyuma watoto watatu wanakaa bila ugomvi, na buti inameza robota la vitenge likiwa limelala. Skrini yote ni Kijapani, na kila nikiwasha kuna sauti ya dada wa Kijapani anayenikumbusha kadi ya kulipia barabara za kwao, kama ilivyo kwenye nusu ya magari ya Uganda. Sura ya gari ikiwa muhimu kwako, tafuta Leaf iliyoanza mwishoni mwa 2017: imenyooka, inafanana na gari la watu, na betri yake ni kWh 40.

Gari liko chini sana. Kuna sentimita 15 hivi tu kutoka ardhini na betri imelala sakafuni, hivyo kila tuta nalipanda kwa ubavu. Mvua ikinyesha Bwaise huwa nasubiri kituo cha mafuta, ambako najisikia mgeni kidogo, mpaka maji yapungue. Betri imezibwa, lakini sitaki kuwa wa kulithibitisha hilo.

Anayetaka kununua, aanze na betri. Ile ya Leaf haina maji ya kuipooza, inategemea hewa tu, kwa hiyo iliyoishi kwenye joto na kuchajiwa ovyo imechoka mapema. Wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili vistari 12 virudi kwenye dashibodi. Unalipa, na baada ya wiki chache vinaanza kudondoka. Gari la 2012 lenye vistari vyote 12, muage muuzaji kwa heshima. Nenda na kifaa kidogo cha OBD, kile kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, na programu ya Leaf Spy kwenye simu, usome asilimia ya afya mwenyewe. Akikataa usichomeke, umeshapata jibu. Zile za betri ya kWh 24 siku hizi ni za kuzunguka mjini tu. Mtu wa mbali, wa Bombo au Mukono, asizitazame.

Wachina wanakuja kwa kasi, na sura zao ni nzuri. BYD Seagull, gari dogo la umeme, ilitoka kwao 2023 kwa yuan 73,800, na kilomita 305 au 405 kulingana na betri. Hizo ni kilomita za kipimo cha China, chenye ukarimu wake. Na chaji yao ya haraka hutumia plagi tofauti na yangu.

Arua, mbali kaskazini-magharibi mwa nchi, sijaenda nayo na siendi. Bwawa la Karuma, lililo njiani kwenda huko, linatoa megawati 600, umeme wake nachajia Bombo, lakini gari lenyewe haliwezi kunifikisha Karuma bila kulala njiani. Sikukuu tunapanda basi. Baba Rehema anasema tuongeze, tuchukue ya kWh 62, ile e+ ya 2019. Nimemwambia wazo ni zuri, alete pesa.