Volkano ya Teide, Tenerife: gari la waya ulipie au uache?

Wadau, habari za saa hizi. Hapa nilipo ni Dodoma, na huo mvumo mnaousikia kwenye maiki ndio upepo wetu, mtanivumilia. Leo tunachambua Teide, mlima wa volkano ulioko Tenerife, kisiwa cha Hispania katika Bahari ya Atlantiki, ng'ambo ya pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika. Tangu Kilimanjaro ianze kutajwa kwenye habari za gari la waya, yaani kibehewa kinachoning'inia kwenye kebo na kupandisha watu mlimani, mnaniuliza: la Teide lina thamani ya hela yake?

Jibu langu: kama magoti yako mazima, usilikimbilie.

Teide ina mita 3,715, hakuna mlima mrefu kuuzidi Hispania nzima. Hanang yetu ina 3,420, kwa hiyo hawajapishana sana. Kinachotofautisha ni ufikaji. Asubuhi unakunywa chai ufukweni, barabara ya lami inakupandisha hadi kituo cha chini, mita 2,356. Unaingia kwenye kibehewa, dakika kama 8 tu, uko mita 3,555. Mwili haujaelewa kilichotokea. Kichwa kinakuwa chepesi, ukipanda vingazi vichache unahema. Wazee wangu wenye shida ya moyo, muulizeni daktari kabla ya kukata tiketi.

Juu kule unaisikia harufu ya salfa na unaona mvuke ukitoka kwenye nyufa. Hapo sina neno, ni pazuri. Ila umelipa na kileleni hujafika! Zimebaki mita 160, na njia yake inataka kibali kinachoombwa mtandaoni mapema, nacho huisha haraka. Halafu upepo ukichachamaa, gari halitembei.

Sasa njooni chini, kwenye utamu wenyewe. Las Cañadas ni bonde la mviringo lenye upana unaozidi kilomita 15, lililobaki baada ya mlima wa zamani kuporomoka. Teide imeota humo ndani baadaye. Katikati kuna Roques de García, miamba iliyosimama wima, na kuizunguka kwa miguu hakukugharimu kitu. Mmoja unaitwa Roque Cinchado, mwembamba chini, mnene juu, unajiuliza unasimamaje. Waliwahi kuuweka kwenye noti ya peseta 1,000, hela ya zamani ya Hispania. Hatua chache pembeni, kwenye Los Azulejos, mwamba ni wa kijani unaoelekea bluu, kwa sababu maji ya moto ya volkano yalipenya yakaubadilisha madini.

Hebu sogeza kamera hapa. Hii ni soli ya kiatu nilichovaa. Mnaona mikato? Lava iliyoganda ni kali kama chupa iliyovunjika. Jiwe lenyewe sina, kuokota ni marufuku, ni hifadhi ya taifa tangu 1954 na urithi wa dunia tangu 2007. Linganisheni na hili la hapa Dodoma. Hili ni graniti, liliganda polepole chini kabisa ya ardhi, punje zake unaziona kwa macho. Ya Teide iliganda juu juu, haraka, punje huzioni, na sehemu nyingine imekuwa kioo cheusi kabisa.

Na msidhani mlima umekufa. Mwaka 1706 lava ilishuka ikafukia bandari ya Garachico. Mlipuko wa mwisho kisiwani ulikuwa Chinyero, 1909. Wataalamu wanaufuatilia muda wote.

Mkiweza kuchagua, nendeni Mei mwishoni au Juni, wakati tajinaste inachanua: mnara wa maua mekundu, mwingine unafika mita tatu kwa urefu, umesimama peke yake kwenye changarawe. Mimi huo ndio ningeulipia.

Alama zangu: gari la waya 6 kwa 10, bonde 9. Nimelikata moja kwa sababu ya mabasi ya watalii, saa sita mchana maegesho ni vurugu. Mama yangu au mtu asiyeweza kupanda, huyo ningemkatia tiketi ya gari la waya bila kufikiri mara mbili.

Viza ni ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, anzeni mapema. Bebeni koti zito hata kama ufukweni ni joto. Mabasi ya umma ya kwenda mlimani ni machache mno, kwa hiyo mkiwa wanne, changeni mkodi gari.